Chenji Yangu Iko Wapi?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Juma hili sikupanga kuzungumza nawe habari za nauli. Nilikuwa nimeandaa mazungumzo juu ya bei ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na nilikuwa nimekwisha kujaza kurasa tatu. Lakini Jumanne asubuhi nilipanda daladala kutoka Kisesa kwenda mjini, na yaliyonipata humo yamenifanya niwaweke dagaa kando. Dagaa waliokaushwa vizuri hawaozi upesi. Watangoja.

Gari lilikuwa limejaa pomoni, kama ilivyo kawaida ya saa moja na nusu asubuhi. Konda, kijana mwembamba mwenye noti zilizokunjwa katikati ya vidole, alikuwa akikusanya nauli huku akigonga bati. Nikampa noti ya elfu moja. Akaipokea, akaikunja, akapita. Chenji yangu, shilingi 400, haikuja. Nilipomkumbusha akanijibu kwa maneno ambayo kila mkazi wa Mwanza anayajua: "Mzee, tulia, chenji yako ipo." Na kweli ipo, maana naiona kwa macho, iko vidoleni mwake, inakwenda mbele ya gari na kurudi nyuma. Nikajua kwamba nisipoidai mapema nitashuka nayo rohoni tu.

Kijana mmoja mwenye begi la chuo akanyoosha simu yake na kumwambia konda, "Nipe namba nikurushie, mambo ya chenji yaishe." Konda akacheka. "Anko, ukinirushia kwenye simu, mafuta nitanunua na nini? Tajiri anataka hesabu yake jioni mkononi. Na makato ya kutoa atalipa nani, wewe?" Abiria wakaangua kicheko, na hapo mjadala ukaanza. Wewe unajua mjadala wa ndani ya daladala ulivyo, hauna mwenyekiti wala ajenda, lakini mara nyingine mambo hunyooka humo kuliko kwenye semina tunazoalikwa sisi waandishi.

Mzee mmoja aliyevaa koti, aliyejitambulisha kuwa mwalimu mstaafu, alisema alikwenda Dar es Salaam kumwona mwanawe akalazimika kununua kadi ya kulipia usafiri. Akaijaza fedha. Siku ya kurudi Mwanza kadi ilikuwa bado na shilingi 3,400. Akaenda dirishani kuuliza atarudishiwa vipi. Akaambiwa asiwe na wasiwasi, fedha iko salama, akirudi ataikuta. "Nirudi lini?" akatuuliza sisi, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa dirishani. "Nina miaka sabini na mmoja." Akaitoa kadi yenyewe kutoka kwenye Biblia, alikoiweka kama alama ya ukurasa, ikapita mikononi mwa abiria ikarudi kwake. Wenye kadi hiyo sitawataja, kwa sababu upande wao sijausikia.

Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha dagaa mapajani akatikisa kichwa, akasema, "Fedha ya kwenye kadi ni kama mchango wa maafa, baba. Ukishatoa, imekwenda. Huulizi."

Gari zima likaitikia "Eee!" Mama huyo nitamrudia, maana ndiye aliyenivuruga siku yangu. Kwanza tuzungumze habari ya kadi.

Ndugu msikilizaji, chombo chenyewe tunakiita daladala, na wazee wetu wanakumbuka kwamba jina hilo lilitokana na dala, yaani shilingi tano, iliyokuwa nauli ya magari hayo yalipoanza. Chombo kimebeba sarafu ndani ya jina lake. Na sarafu hiyo ina njia inayojulikana. Unampa konda. Konda anatoa fedha ya mafuta, anatoa ushuru wa stendi, anatenga hesabu ya tajiri, na kinachobaki anagawana na dereva. Siku ikiwa mbaya wanalala na njaa, na deiwaka aliyeshika usukani saa mbili tu anaambulia ya chai. Hata mtoto wa darasa la nne anayekaa kwenye injini, juu ya lile boneti la moto, anaweza kukueleza shilingi mia mbili yake inakwenda wapi. Konda akikudhulumu, unamjua sura. Utakutana naye kesho asubuhi.

Ukiniuliza, hapo ndipo penye kiini cha manung'uniko ya watu juu ya nauli ya kadi. Wataalamu wetu hupenda kusema kwamba mwananchi wa kawaida anaogopa teknolojia. Sijui mwananchi gani huyo. Mama ntilie wa Mabatini anapokea fedha kwa simu, mvuvi wa Ukerewe anatumiwa fedha kwa simu akiwa bado kisiwani, na mwendesha bodaboda wa Pasiansi anatoa na kuweka kwa wakala mara sita kwa siku. Hawa wanaiogopa teknolojia gani? Wanachokiogopa ni mahali panapoitwa "kwenye mfumo". Fedha ikishaingia kwenye mfumo, ukiuliza unaambiwa mtandao uko chini. Na mtandao hauna sura ya kukutana nayo kesho asubuhi.

Majirani zetu walikwisha kulipitia jambo hili. Nchini Kenya serikali iliagiza matatu zote ziache kupokea fedha taslimu ifikapo Julai 2014. Tarehe ikasogezwa mpaka Desemba mwaka huohuo, na hatimaye mpango ukafifia. Kadi zilikuwa nyingi na hazikusikilizana, ya kampuni hii haikubaliki kwenye gari la kampuni ile. Mojawapo, iliyoitwa BebaPay, ilikuwa ya Google wakishirikiana na Equity Bank. Ilianza mwaka 2013 na ikafungwa mwaka 2015. Kama Google wenyewe walishindwa na makonda wa Nairobi, basi tusiwadharau makonda. Walikuwa na sababu zao. Dereva na konda hulipwa kutokana na fedha ya siku ile, kwa hiyo fedha ikienda moja kwa moja benki kwa mwenye gari, wao wanakula nini jioni hiyo? Hakuna aliyewajibu vizuri swali hilo, nao wakajijibu wenyewe kwa kuendelea kupokea noti.

Kigali, kwa upande mwingine, kadi ya Tap&Go iliingia mwaka 2015 ikashika. Lakini kule jiji lilikuwa limekwisha kuyapanga mabasi chini ya kampuni chache zenye mikataba, kila moja na eneo lake. Yaani walitengeneza kwanza nyumba, ndipo wakanunua kufuli.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani kwamba naipinga tiketi ya mashine. Mtu wa Mwanza akipinga orodha ya abiria, anapaswa kwenda kwanza Igoma akatembee katikati ya makaburi. Mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari hapa mjini. Jumanne ile ya tarehe 21 Mei, Mv Bukoba ilizama ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika bandarini kwetu. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Ukiniuliza walikuwa wangapi hasa, nitakwambia ninachoambiwa tangu nikiwa mwanafunzi, kwamba idadi kamili haijulikani, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Mwenye tiketi ya bei kubwa alikuwa na jina. Mwenye tiketi ya bei ndogo alikuwa na nauli tu. Miili ililazwa uwanja wa Nyamagana, na watu walipita wakitafuta ndugu kwa kuangalia nguo na viatu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Waliokuwapo wanajua.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, Mv Nyerere ikapinduka ikikaribia Bwisya, kisiwani Ukara, ikitoka Bugolora siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Tukazika watu 228. Na safari hii mashine ya kukatia tiketi ilikuwapo! Lakini aliyekuwa akikata tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mashine yake ikazama pamoja na kivuko. Kumbukumbu ilikuwa ndani ya chombo kilekile kilichozama. Wakati wa uokoaji hakuna aliyekuwa nchi kavu ambaye angeweza kusema kwa uhakika bado wanatafutwa watu wangapi. Kwa hiyo LATRA wanaposisitiza tiketi mtandao kwa mabasi ya mikoani, mimi nawaunga mkono, mradi jina langu libaki mahali ambapo mke wangu anaweza kuliona hata kama basi limeungua. Tiketi ya namna hiyo inanipa kitu. Kadi inayobaki na shilingi 3,400 za mwalimu mstaafu inanipa nini?

Nimeitaja Mv Nyerere, na hiyo inanirudisha kwenye neno la yule mama, kwamba ukishatoa mchango, huulizi.

Nchi yetu si ya watu wachoyo. Ikitokea maafa, watu wanatoa. Tetemeko la ardhi lilipopiga Kagera Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 na kuua watu wasiopungua 17, michango ilitoka kila kona. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, aliwaondoa kazini Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Watu waliokuwa wakilala chini ya maturubai walisikia habari hiyo redioni. Januari 2017 Rais alikwenda Bukoba akawaambia wananchi wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, itatengeneza shule, barabara na zahanati. Huenda hoja yake ilikuwa na uzito. Serikali haiwezi kujenga kila ukuta ulioanguka. Lakini aliyetoa mchango wake alidhani ananunua bati la jirani yake wa Kagera. Hakuwa ameulizwa kama anataka kujenga barabara. Angeulizwa, pengine angekubali. Nasema pengine.

Mei 2017, baada ya ajali ya basi la wanafunzi wa Lucky Vincent kule Karatu iliyoua watoto 32, walimu wao wawili na dereva, ukazuka mzozo mkubwa Arusha kuhusu rambirambi na matumizi yake. Mzozo ulifika mahali ambapo meya wa jiji, viongozi wa dini na waandishi wa habari walishikiliwa na polisi shuleni pale walipokwenda kukabidhi mchango. Wenzangu walikwenda kuandika habari ya mkono unaotoa na mkono unaopokea, wakaishia kituoni. Tangu siku hiyo waandishi wengi tulijifunza kwamba swali la fedha ya msiba lina moto wake.

Yapo pia mengine, na haki itendeke. Sehemu ya michango ya Mv Nyerere iliongeza majengo katika Kituo cha Afya Bwisya, palepale Ukara, na mwenye kutaka anaweza kuvuka akayagusa kwa mkono. Mlima Hanang ulipoporomosha matope na mawe juu ya Katesh tarehe 3 Desemba 2023, zilijengwa nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waliopoteza makazi. Nyumba inahesabika. Hata ile tozo ya mshikamano iliyowekwa kwenye miamala ya simu Julai 2021, ambayo sote tuliinung'unikia mpaka ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka uleule, ilipoanza kujenga vituo vya afya na madarasa, watu walipaita "kwenye tozo". Mgonjwa anakwambia, "Nimetibiwa pale kwenye tozo." Alichukia kukatwa fedha, lakini alijua ilikokwenda, akapapa jina.

Haya basi, turudi ndani ya daladala.

Kijana wa chuo alishuka Nyakato. Mimi nikaendelea kudai chenji yangu, na nadhani nilipaza sauti kidogo. Yule mama wa dagaa akageuka, akanitazama kwa makini, akasema, "Sauti hii naijua. Wewe si yule mwandishi wa redioni?" Nikakubali. Huwa nafurahi mtu akiitambua sauti yangu, siwezi kukuficha, nikajiweka sawa kitini. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mama," naye akaitikia. Halafu akaniuliza:

"Yule mtoto wa moyo, mliyetuchangisha, alipona?"

Ndugu msikilizaji, nililijua swali hilo kabla hajalimaliza. Mwaka 2019, kituo nilichokuwa nikifanya kazi wakati ule, ambacho si hiki unachokisikiliza, kilileta studioni mama mmoja na mwanawe wa miaka sita mwenye ugonjwa wa moyo. Mtoto alitakiwa kupelekwa Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyezungumza na mama huyo hewani. Mimi ndiye niliyesoma namba ya simu ya kutumia michango, kila baada ya nusu saa, kwa siku tisa. Niliisoma namba ile mpaka watoto wangu nyumbani wakaikariri. Watu walituma elfu moja, mia tano, elfu kumi. Mvuvi mmoja wa Kome alituma elfu ishirini akasema hiyo ni sangara wa jana. Mama wa dagaa aliniambia yeye alituma elfu mbili, na kwamba siku ile hakuwa na nyingine.

Mtoto alifariki siku moja kabla ya safari, alfajiri, nyumbani kwa mjomba wake. Tukamzika Sengerema. Wakati ule daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado. Tulisubiri kivuko pale Kigongo karibu saa mbili nzima na jeneza likiwa ndani ya gari. Siku hizi nikipita juu ya daraja lile, lililofunguliwa Juni 2025, natumia dakika chache tu, na kila nipitapo nakumbuka saa mbili zile.

Baada ya mazishi nilirudi kazini. Mhariri akaniambia habari ya kifo itawavunja moyo wasikilizaji, tusubiri wakati mzuri. Nikakubali haraka, kwa sababu mimi mwenyewe sikutaka kuisoma. Wakati mzuri haukufika. Niliisoma namba ya simu kwa siku tisa, lakini taarifa ya kifo sikuisoma hata mara moja. Kwa miaka yote hiyo mama huyu wa dagaa aliamini kwamba yupo mtoto mahali fulani, sasa amekwisha kuwa mkubwa, anasoma, na kwamba katika moyo wake umo mchango wa shilingi elfu mbili.

Nilimwambia. Katikati ya daladala, huku konda akiita "Buzuruga, Buzuruga, wa kushuka!" nilimwambia kwamba mtoto alifariki. Hakulia, wala hakunilaumu. Alisema tu, "Sasa mbona hamkusema? Tungemwombea." Akainuka na kikapu chake, akashuka. Konda alinipa chenji yangu, shilingi 400 kamili, bila mimi kuidai tena. Naye alikuwa amesikiliza.

Siku ileile jioni nilitafuta daftari. Tulikuwa watu watatu tulioshika fedha ile: mimi, fundi mitambo wetu, na mjomba wa mtoto. Hesabu ni hii, naisoma kwa kuchelewa, na walioko mbali na redio naomba waambiwe na wenzao.

Watu 212 walichanga jumla ya shilingi 1,874,500. Vipimo na dawa kabla ya safari vilichukua 236,500. Tiketi za ndege za mtoto na mama yake zilikuwa 412,000, na fedha hiyo hatukurudishiwa. Jeneza na kaburi, 180,000. Gari la kwenda Sengerema na kurudi, pamoja na kivuko, 250,000. Chakula cha msiba, 325,000. Makato ya kutoa fedha kwenye simu, 31,000. Mama wa mtoto alikabidhiwa 400,000 mbele ya mjomba, akalipa deni la hospitali ya kwanza na iliyobaki akaanzia biashara ya mboga.

Ukijumlisha utaona zinapungua shilingi 40,000. Nimejumlisha mara tatu. Fundi mitambo anasema huenda ni nauli za bodaboda na vocha za siku zile tulizokuwa tukienda na kurudi, na huenda ni kweli, ila hakuna palipoandikwa. Kwa miaka yote hii hakuna mtu aliyeniuliza, kwa hiyo nami sikujua kwamba zimepungua. Nimewacheka makonda wa mji huu kwa miaka mingi kwenye kipindi hikihiki, kumbe nami nilikuwa nimeshika chenji ya watu 212 katikati ya vidole.

Alhamisi iliyopita nilichukua shilingi 40,000 kutoka mfukoni mwangu, nikaenda nyumbani kwa mama wa mtoto. Bado anauza mboga. Aliuliza fedha hiyo ni ya nini, maana hakuwa akimdai mtu. Nikamweleza habari ya daftari, na habari ya daladala, na ya yule mama aliyedhani mtoto yuko hai. Akakaa kimya kwa muda. Halafu akaniuliza kama mama yule alitaja jina lake, au anakokaa, ili akamshukuru kwa elfu mbili ile.

Sikuwa nimemwuliza.

Kwa hiyo, mama uliyeshuka Buzuruga Jumanne asubuhi na kikapu cha dagaa, kama unanisikiliza: mwenzako anauliza jina lako. Njoo hapa kituoni, au mwambie mtu wa getini, nami nitampelekea.